Kupima haidroliki ya trekta lililotumika kabla hujatoa pesa

Mnunuzi wa trekta akifika uani kwa muuzaji, iwe Muheza, Korogwe au Tanga mjini, kitu cha kwanza anachoomba ni injini iwashwe. Ikishika kwa mpigo mmoja, moshi ukakata, mikono ya nyuma ikapanda na kushuka mara mbili bila mzigo, basi bei inaanza kuzungumzwa. Hapo ndipo wengi wanapoumia. Mikono mitupu hupanda hata kama pampu imekufa nusu. Plau la sahani tatu lina uzito wa kilo mia tatu na kitu, mengine yanapita mia nne, na pampu iliyochoka hulinyanyua vizuri alfajiri. Ikifika saa tano, oili imepata moto na trekta liko katikati ya shamba la Kabuku, ndipo inagoma.

Haidroliki, yaani mfumo wa oili ya presha unaoinua mikono hiyo, hupimwa mara mbili, ikiwa baridi na ikiwa moto, na mara zote mbili iwe na mzigo. Sababu ni kwamba baridi na moto hufichua magonjwa tofauti. Oili ya baridi ni nzito, haipiti kirahisi kwenye chujio lililoziba, kwa hiyo pampu hukosa oili na kulia. Oili ya moto ni nyepesi, hupenya kwenye sili (mipira ya kuzuia oili isivuje) zilizoisha na kwenye nafasi iliyolika ndani ya pampu, kwa hiyo nguvu hupotea. Trekta linalolia asubuhi na kutulia baadaye mara nyingi lina shida upande wa kunyonya, na shida hiyo hutengenezeka kwa gharama ndogo. Trekta lenye nguvu asubuhi na linalolegea mchana limechakaa ndani, na huko ndiko pesa inakokwenda.

Maandalizi

Mpigie muuzaji siku moja kabla. Mwombe mambo mawili: asilioshe trekta, na asiliwashe mpaka ufike. Ukifika ukakuta injini ya moto na bodi inang'aa kwa maji, nusu ya ushahidi umeshaondoka. Hapo mwambie utarudi kesho yake mapema, na umaanishe.

Beba tochi, futi kamba, chaki, matambaa makavu, chupa ndogo ya plastiki inayopitisha mwanga, sumaku na kipande cha boksi gumu. Simu yako itapima muda. Ukiweza kuazima geji ya presha ya psi 5,000 (bari 350) yenye mpira na kichomekeo kinachoingia nyuma ya trekta, umejitendea haki. Usichukue geji ndogo kuliko hiyo. Matrekta mengi ya rika la Massey Ferguson 135, 240, 265 na 290, Ford za 5000 na 6600, au Farmtrac na New Holland zilizoletwa enzi za Kilimo Kwanza (mpango wa serikali wa kukuza kilimo), vali zake za usalama, zinazoachia oili presha ikizidi, hufunguka mahali fulani kati ya psi 2,000 na 3,000, yaani takriban bari 140 hadi 200. Geji ya psi 3,000 inaweza kuvunjika mshale kwa msukumo wa ghafla. Namba kamili ya trekta unalolitaka iko kwenye kitabu chake. Itafute kabla ya kwenda.

Nenda na fundi wako mwenyewe. Fundi anayelihudumia trekta hilo kwa muuzaji anaweza kuwa mtu mwema, ila mteja wake ni muuzaji.

Uliza pia trekta limefanya kazi gani. Lililozeekea kwenye mkonge kwa kuvuta matela mara nyingi halikutumia mikono ya nyuma kwa miaka, na sili zilizokaa bila kusogea hukakamaa, kisha huanza kuvuja wiki ya kwanza ya kulima. Lililolima mahindi Handeni limechosha pampu na springi ya plau. Lililoingia majarubani kwenye mpunga, kama kule Mombo, litazame zaidi kwa maji yaliyoingia kwenye oili.

Kabla ya kuwasha: macho na vidole

Pita chini ya trekta na tochi. Oili ikivuja huvuta vumbi, na vumbi hugeuka gamba jeusi lenye mafuta. Fuata gamba hilo kutoka chini kwenda juu mpaka pale linapoanzia, kwa sababu oili hutiririka na tone la chini haliko kwenye chanzo chake. Sehemu za kutazama kwanza ni ncha mbili za shafti inayobeba mikono ya kuinulia, maungio ya mabomba ya chuma, nyuma ya vali za leva na shingo ya silinda ya stelingi. Shafti ya mikono ikivuja pembeni, shika mkono mmoja uupandishe na kuushusha kwa nguvu. Ukicheza juu chini, tatizo ni bushi zilizolika, na ukibadilisha sili peke yake itakufa tena upesi.

Rangi mpya ni jambo la kuulizia. Rangi iliyopigwa juu ya mpira wa haidroliki, juu ya nati za mabomba, au mbaya zaidi juu ya fimbo ya silinda, imepigwa kuficha. Kwaruza kwa ukucha: ikibanduka pamoja na mafuta, kuna uvujaji chini yake. Angalia na vichwa vya bolti za kifuniko cha lifti chini ya kiti. Vikiwa vimeviringika kwa spana, kifuniko hicho kimefunguliwa mara nyingi, na mwenye trekta anayo habari ambayo hajakupa. Silikoni nyingi iliyofura pembeni mwa kifuniko inasema hivyo hivyo. Silikoni hiyo ina hasara nyingine: iliyofura nje imefura na ndani pia, vipande vyake hukatika, huelea kwenye oili na kwenda kuziba chujio la kunyonya. Pampu nyingi zimehukumiwa kufa kumbe zimezibwa na nyuzi za silikoni.

Sasa fimbo za silinda, za stelingi na za tela kama lipo. Huku pwani hili lina uzito wake, maana hewa ya chumvi kutoka Mkinga mpaka Pangani hula kromu ya fimbo iliyoachwa nje miezi. Futa fimbo kwa tambaa kavu, halafu pitisha ukucha polepole kwa urefu wake wote. Ukucha ukiteleza kama juu ya kioo, salama. Ukikwama kwenye vitundu vidogo mithili ya ncha ya sindano, jua kila tundu ni msasa kwa sili: fimbo inapoingia na kutoka, tundu linakwangua mdomo wa sili mara mamia kwa siku. Sili mpya kwenye fimbo yenye vitundu haimalizi msimu. Tazama vitundu viko wapi. Vikiwa mwishoni kabisa, pale ambapo fimbo haiingii kwenye shingo, havina madhara. Vikiwa katikati ya safari ya fimbo, hesabu fimbo mpya au kazi ya kuichonga na kuipiga kromu upya.

Mipira ikunje kidogo kwa mkono. Ukiona nyufa zinafunguka mpaka nyuzi za waya zinaonekana, au mpira umefungwa kipande cha chubu ya baiskeli, uandike kwenye orodha yako. Mipira si sababu ya kuacha trekta, ni sababu ya kupunguza bei.

Oili yenyewe

Kwa matrekta mengi ya aina hizi, oili ya haidroliki ndiyo hiyo hiyo ya giaboksi na difu. Massey 135 huchukua takriban lita 30, yaani ndoo moja na nusu za lita 20. Maana yake ni kwamba chochote kinachovunjika kwenye gia kinapita kwenye pampu, na maji yanayoingia kwenye giaboksi yanafika mpaka kwenye vali.

Chomoa kijiti cha kupimia kabla injini haijawashwa. Kiwango kikiwa chini ya alama, pampu inanyonya hewa. Kikiwa juu sana, jiulize kwa nini. Inawezekana muuzaji ameongeza kuficha kelele, au maji yameingia na kupandisha oili.

Kisha chukua kidogo kwenye chupa uitazame dhidi ya jua. Oili nzima hupitisha mwanga, rangi ya asali au ya chai ya rangi. Ikiwa nyeupe nzito kama tui la kwanza, ina maji. Maji huingia kupitia mpira uliochanika kwenye leva ya gia, kupitia kipumulio, au kwenye mvua za masika trekta likiwa limeachwa nje bila turubai. Kama rangi tu imefifia na huna uhakika, dondosha matone mawili kwenye kipande cha bati kilichopashwa moto kwenye jiko la mkaa. Oili kavu itatoa moshi kimya. Yenye maji itapasuka na kurukaruka, kwa hiyo simama kando na ulinde macho. Njia nyingine ni kulegeza bolti ya kutolea oili chini ya trekta lililolala usiku kucha. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo yakiwepo yatatangulia kutoka.

Oili ya tui haimaanishi pampu imekufa, lakini inamaanisha imefanya kazi bila ulainishaji wa kutosha kwa muda usioujua, na beringi zimekaa na kutu. Sisi hatungenunua trekta la namna hiyo bila kufungua kifuniko cha pembeni na kutazama ndani.

Uzito wa oili nao useme. Oili sahihi ya mfumo wa pamoja ni nyepesi, nyingi ni za daraja la 10W-30. Ipake kati ya vidole viwili: ikivutika kama uji mzito au ina harufu kali ya salfa, mtu amemwaga oili ya gia namba 90. Ujanja huu ni wa zamani na bado unawapata watu. Oili nzito hupunguza kuvuja ndani ya pampu iliyolika, trekta likainua vizuri mbele yako, na oili ikipata moto wa kazi nguvu hupungua tena.

Pitisha sumaku kwenye uchafu wa bolti ya kutolea oili. Ukungu wa kijivu laini kama grisi ni wa kawaida kwa trekta la miaka mingi. Vipande vinavyoonekana kwa macho, vyenye kingo, ni gia au beringi inayovunjika. Chembe za rangi ya shaba, ambazo sumaku haizishiki, mara nyingi zinatoka kwenye bushi au sahani za ndani za pampu.

Jaribio la baridi

Funga plau la trekta hilo. Kama halipo, tafuta zana yoyote yenye jukwaa uipakie pipa la lita 200 lililojaa maji, ambalo peke yake ni kilo mia mbili na zaidi kidogo, pamoja na mifuko michache ya saruji ya kilo 50. Lengo ni kufikia kama theluthi mbili za uwezo wa kuinua ulioandikwa kwenye kitabu. Kamwe mtu asiingie chini ya mzigo ulioinuliwa, hata kuokota spana.

Washa injini iache silensa (mwendo wa chini kabisa, bila kuongeza mafuta) dakika moja, na usikilize. Pampu kulia kwa sauti nyembamba ya juu inayopanda na resi (mizunguko ya injini kwa dakika) ni njaa ya oili: chujio limeziba, kiwango kiko chini, au oili ni nzito mno. Sauti ya kukoroma yenye mtetemo, pamoja na povu ukichungulia kwenye tundu la kujazia, ni hewa inayoingia kwenye bomba la kunyonya au kwenye oringi yake, ile pete ya mpira inayoziba maungio.

Kwenye Massey zenye leva mbili, weka leva ya kina cha plau juu kabisa kwanza, ndipo utumie leva ya nafasi. Mnunuzi asiyejua hili huona lifti imekufa kumbe imefungwa na leva ya pili. Na usikanyage klachi: kwenye matrekta haya pampu iko ndani na huzungushwa kupitia mfumo wa PTO (shafti ya nyuma inayozungusha zana), kwa hiyo klachi ikifika chini kabisa, pampu inasimama.

Weka resi kama 1,500. Pandisha mzigo kutoka chini hadi juu huku ukipima muda. Trekta zima hutumia takriban sekunde tatu hadi tano, bila kusita katikati. Andika muda huo. Lifti ikifika juu, sikiliza tena: inapaswa kunyamaza. Ikiendelea kulia kwa nguvu huku mzigo umeshafika mwisho, pampu inasukuma dhidi ya vali ya usalama bila kupumzika. Mara nyingi hayo ni marekebisho ya vyuma vya ndani vya leva yaliyopotea, lakini trekta lililofanya kazi hivyo miezi mingi limeipika oili yake.

Jaribio la moto

Lima kwa dakika 45 hadi saa nzima. Kama muuzaji hana pa kulima, endesha kwa gia nzito huku ukipandisha na kushusha mzigo mara kwa mara. Oili iko tayari pale unapoweka kiganja kwenye kasha la difu ukahisi moto ambao huvumilii muda mrefu.

Rudia kipimo cha kuinua kwa resi ile ile. Muda ukiwa ule ule, au umezidi kwa sekunde moja, vizuri sana. Ukiwa mara mbili ya ule wa asubuhi, pampu au sili zinavujisha ndani. Kisha jaribu kwa silensa: trekta zima hupandisha mzigo pole lakini hupandisha. Likisubiri mpaka uongeze resi ndipo linyanyuke, pampu imelika.

Kwa Massey zenye klachi ya hatua mbili, usiishie kuilaumu pampu. Sahani ya klachi ya PTO ikiisha huteleza, na kwa kuwa hiyo ndiyo inayozungusha pampu, lifti hulegea vile vile. Kutofautisha ni rahisi. Washa PTO bila kufunga kitu, chora shafti kwa chaki, simama mita mbili pembeni, kanga na shuka vikiwa vimefungwa vizuri, mwenzako apandishe mzigo mzito. Shafti ikipunguza mwendo wakati injini haijapunguza, klachi ndiyo inayoteleza. Kuibadilisha kunataka trekta lipasuliwe katikati, kwa hiyo si habari njema, ila ni habari tofauti na ya pampu.

Kushuka na kuitikia

Pandisha mzigo nusu, zima injini, usiguse leva. Pima kwa futi kamba kutoka ncha ya mkono mpaka chini, chora alama ya chaki, subiri dakika kumi, pima tena. Kwetu, kushuka sentimita mbili au tatu kwa trekta la umri mkubwa hakutukoseshi usingizi. Sentimita kumi ni sili za kubadilisha. Mzigo ukitua chini ndani ya dakika moja au mbili, kuna njia pana ya oili kurudi, na lazima ijulikane kabla ya kulipa.

Sasa washa injini, mzigo ukiwa juu, utulie utazame mikono. Kwenye trekta bovu utaona mikono inashuka kidogo, kisha inapanda ghafla, inashuka, inapanda, kama mjusi anayeitikia kichwa ukutani. Kinachotokea ni hiki: oili inavuja, mkono unashuka, leva ya nafasi inahisi na kuamuru pampu irudishe. Hesabu. Kuitikia mara moja kwa dakika kadhaa kunavumilika. Kila baada ya sekunde mbili tatu ni uvujaji mkubwa, na pampu haipumziki, kwa hiyo oili inachemka na kila kitu kinaharakishwa kufa.

Inavujia wapi? Kwenye Massey ndogo inawezekana kujua bila kupasua, kama muuzaji ataridhia. Punguza oili mpaka chini ya kiwango cha kifuniko cha pembeni, zima injini, fungua kifuniko, uwe na gasketi mpya mkononi. Mzigo uinuliwe kwanza na uegemezwe kwa magogo imara, kisha uachiwe kidogo ukae kwenye presha. Mulika kwa tochi bila kuingiza mkono, kwa maana vyuma vya ndani husogea mzigo ukishuka. Oili ikichuruzika kutoka mdomo wa silinda ya lifti, ni pistoni na ringi zake. Ikitoka kwenye bomba la wima linalopandisha presha kutoka kwenye pampu, ni oringi, ambazo bei yake ni ndogo. Ikitoka kwenye pampu yenyewe bila presha kufika mwisho, ni vali ya usalama au vali ya kuongozea. Oringi ni senti, kazi ndiyo ghali: kifuniko cha lifti hutoka na silinda yake, kinataka watu wawili na winchi, na pampu haitoki bila kifuniko hicho kuondolewa na shafti ya PTO kuvutwa nyuma.

Kwenye presha yenye nguvu, usitafute tundu la mpira kwa kidole. Pitisha boksi. Uzi wa oili usioonekana unaweza kupenya ngozi ya mkono kama sindano. Alama huwa ndogo, maumivu kidogo, lakini nyama ya ndani inaharibika. Aliyechomwa hivyo aende hospitali saa hiyo hiyo na aeleze kuwa ni oili ya presha, asingoje uvimbe.

Geji inasema nini

Chomeka geji nyuma, oili ikiwa moto. Vuta leva mpaka mshale usimame, shikilia sekunde tano tu, achia. Ukishikilia zaidi unapika oili bure. Soma kwa silensa, kisha kwa resi 1,500, kisha karibu 2,000.

Mshale ukifika namba ya kitabu kwa resi zote tatu, pampu na vali ni nzima, na kama lifti bado ni dhaifu, tafuta kwenye silinda ya lifti. Ukiwa chini kwa silensa na ukapanda kadiri unavyoongeza resi, pampu imelika: inazungushwa haraka ili kufidia kinachovuja. Ukisimama kwenye namba ile ile ya chini, tuseme psi 1,400, kwa resi zote, pampu inaweza kuwa nzima kabisa, na vali ya usalama ndiyo imelegea, imevunjika springi au imekwama na uchafu. Trekta la namna hii ya mwisho ndilo la kulipenda: bei inashuka kwa ugonjwa mkubwa, matibabu ni madogo. Mshale unaotetemeka sana ni hewa kwenye oili.

Geji haipimi wingi wa oili. Presha inaweza kufika huku oili ikija kidogo, ndiyo maana muda wa kuinua ulioandika una thamani sawa na geji.

Tela na stelingi

Kama trekta litabeba mchanga kwa tela la kubinua, pima na tela lenye mzigo. Binua nusu, rudisha leva katikati, pima kushuka. Tela likiwa na jeki ya njia moja, yenye mpira mmoja, fikiri hivi: oili ya jeki hiyo haina pa kwenda ila kuvuja nje kwenye shingo, ambako utaiona, au kurudi kupitia vali ya trekta. Shingo ikiwa kavu na tela linashuka, vali ndiyo mbovu. Kwa silinda ya njia mbili, itoe fimbo mpaka mwisho, zima injini, sukuma leva huku na huku kuua presha, fungua mpira wa upande wa fimbo, elekeza tundu kwenye ndoo, kisha washa na usukume upande ule ule wa kutoa. Oili ikiendelea kutoka kwenye tundu lililofunguliwa, sili ya pistoni imepasuka.

Stelingi haihitaji muda mrefu. Zungusha usukani trekta likiwa limesimama kwenye udongo mkavu, kwa silensa, oili moto. Uzito unaopungua ukiongeza resi ni pampu yake kuchoka. Usukani unaoendelea kuzunguka polepole magurudumu yakiwa yameshafika mwisho ni kuvuja ndani ya silinda au ya kitengo cha usukani.

Mwisho, kwa Massey, shika kipande cha juu nyuma ambako mkono wa juu wa plau unafungwa. Kivute, kisukume, kizungushe. Springi yake haipaswi kucheza mbele na nyuma. Ikicheza, plau litazama na kuruka shambani, na mtu ataitengeneza pampu isiyo na kosa.

Kukubaliana bei

Tungeliacha trekta lenye mambo mawili kwa pamoja: oili ya tui na vipande vya chuma. Tungeliacha pia ambalo muuzaji hakubali jaribio la moto, bila kujali bei. Pampu iliyolika peke yake, kwenye Massey ambayo vipuri vyake vinapatikana, haituogopeshi. Toa kwenye bei pampu, oili yote, gasketi, chujio na siku mbili za fundi, kisha amua. Kwa aina ambayo hakuna mtu mwingine anayo wilayani kwako, ugonjwa huo huo ni mkubwa mara tatu, kwa sababu utangoja kipuri msimu ukipita.

Ukishanunua, mwaga oili yote ikiwa moto, osha chujio la kunyonya, jaza oili sahihi. Baada ya saa 50 za kazi fungua chujio tena ulitazame. Kwa trekta lililokuwa na oili chafu au maji, badilisha oili mara ya pili hapo hapo, kwa sababu ile oili ya kwanza imekusanya kilichobaki kwenye pembe za difu.